Rangi ya Mkeka Mpya: Nilivyopaka Sebule Moja Mara Mbili

Sebule yangu imepakwa rangi mara mbili kati ya Mei na Agosti mwaka huu, na mara zote mbili nilichoagiza dukani, kwa jina, kilikuwa kitu kimoja: krimu yenye dhahabu, ile ambayo kwenye kadi huandikwa beiji. Mara ya kwanza ilinila shilingi 35,000 na usingizi. Mara ya pili, shilingi 20,200. Mume wangu huzijumlisha kwa sauti kila akipita koridoni, kwa hiyo sitazisahau.

Nyumba yenyewe iko Tudor, Mombasa. Babangu aliijenga miaka ya sabini kwa mawe ya matumbawe. Sakafu ni saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka ukiinama unajiona, milango ni ya mvule, na dirisha kubwa la sebule linatazama magharibi, upande wa mkondo. Mawe, sakafu, milango, dirisha. Siku niliyokwenda kununua rangi, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kichwani mwangu. Kichwani nilikuwa na picha ya kwenye simu: sebule ya mtu wa Ulaya, kuta za dhahabu iliyopoa, kochi jeupe, mbwa amelala. Jua la kule hupita limeinama, jembamba. Letu hapa, nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, husimama utosini, kisha jioni huingia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Picha ile haikuwa na chochote cha kuniambia kuhusu Tudor.

Dukani nilichagua kutoka kwenye kadi, kila kirangi ukubwa wa kidole gumba, chini ya taa ndefu nyeupe za dari. Kijana wa dukani akaniambia, "Hii ndiyo inayokwenda sasa, dada." Nikaamini. Fundi niliyemchukua naye hakupima ukuta, alichungulia mlangoni tu. "Mama, ndoo mbili zatosha." Ndoo mbili ni lita 40. Shilingi 11,500 kila ndoo.

Hesabu hii nimeifanya baadaye, naiweka hapa ili nawe usiibiwe na uvivu wako mwenyewe. Sebule ni mita 6 kwa 4 na nusu, kwenda juu mita 3. Mzunguko ni mita 21, zidisha kwa 3 upate mita za mraba 63. Ondoa milango na dirisha, zinabaki kama 54. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 108. Lita moja ya emulsheni, rangi ya maji ya ukutani, kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10. Ukuta mkavu unaonyonya, hesabu 8. Kwa hiyo nilihitaji lita 11 hadi 14. Nililipia 40, na rangi ikishachanganywa kwa mashine dukani hairudishwi, hata ukilia. Ndoo moja haikufunguliwa kabisa. Niliipeleka madrasa ya mtaani kwetu, na watoto wanasomea ndani ya kosa langu hadi leo.

Tulianza katikati ya Mei, masika yenyewe. Nilikuwa na haraka kwa sababu arusi ya mdogo wangu ilikuwa inakuja na wageni wangefikia kwetu. Chini ya dirisha palikuwa na baka la unyevu, na juu yake unga mweupe kama chumvi. Ndiyo, ilikuwa chumvi. Fundi aliukwangua, akapiga filla, akapitisha msasa, akapaka. Mkono wa kwanza asubuhi, wa pili alasiri ya siku hiyo hiyo, na huku nguo kwenye kamba zilikuwa na siku mbili hazijakauka. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Na kuna jingine ambalo bado linanikera. Alipiga msasa mkavu kwenye fremu za madirisha, zenye rangi ya mafuta ya tangu enzi za babangu, na vumbi likatanda nyumba nzima huku wanangu wakicheza mule mule. Rangi za zamani za mafuta huweza kuwa na madini ya risasi. Siku hizi Kenya ina kikomo, sehemu 90 kwa milioni, lakini fremu za miaka ya sabini hazikujua habari ya kikomo. Fremu za zamani zisuguliwe kwa msasa wa maji, watoto wakiwa kwa bibi yao, na sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa.

Siku ya tatu jioni kazi ikawa imekwisha. Nikaketi katikati ya chumba, nikasubiri kufurahi. Saa kumi na moja jua likashuka usawa wa dirisha, na kuta zikawa achari ya embe. Sitii chumvi. Ulikuwa uchungwa wa kupiga kelele. Nikajiambia ni jua tu, asubuhi itatulia. Asubuhi ikatulia kweli, ikawa rangi ya plasta, ile ya kidonda, si ya ukuta. Usiku, nikiwasha taa, kijivu kama uji uliopoa. Nilikuwa na rangi tatu kwa bei ya moja na sikuipenda hata moja.

Shangazi yangu alikuja Ijumaa baada ya swala. Yeye anakaa Mji wa Kale na hana desturi ya kuzunguka jambo. Alisimama mlangoni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mwanangu, ukuta huu waumwa?"

Arusi ikapita hivyo hivyo. Kwenye picha zote za sebuleni bibi arusi ana sura ya mtu mwenye homa. Wiki tatu baadaye, pale chini ya dirisha, rangi ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kibofu, kinapasuka na chumvi inamwagika sakafuni.

Shangazi ndiye aliyeniletea fundi wa pili, mzee mmoja aliyezeekea kwenye ngazi za kupakia rangi katika nyumba za mtaani kwake. Sasa nyumba za kule kwa nje hazina mjadala mrefu, maana mwaka 2018 kaunti iliagiza majumba ya Mji wa Kale na ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Lakini ndani kila mtu na lake, na mzee alikuwa ameyaona ya kila mtu. Hakuja na brashi. Aliomba karatasi nyeupe na shuka jeupe.

Karatasi aliibandika ukutani kwa tepu. Macho yangu, ambayo kwa mwezi mzima yalikuwa yakiuliza rangi hii ina nini, yaliona papo hapo: ni ya waridi. Beiji yoyote ukiitazama peke yake husema mimi ni beiji. Iweke kando ya weupe halisi, au kando ya beiji nyingine tatu, ndipo inapokuambia asili yake, kama ni ya wekundu, ya manjano, ya ukijani au ya kijivu. Akanionyesha kibandiko kilichobaki kwenye mfuniko wa ndoo, kile ambacho mashine huchapisha, chenye vipimo vya rangi zilizodondoshwa kwenye besi, ile rangi ya msingi. Palikuwa na manjano, palikuwa na nyeusi kidogo, na nyekundu ilikaribia kulingana na manjano. Mimi nilikuwa nimekitumia kibandiko hicho kama mapambo ya ndoo.

Kisha akangoja saa tisa alasiri, akatandika lile shuka kwenye sakafu nyekundu, upande wa jua. Nusu ya chini ya ukuta ikapoa, kana kwamba mtu amefunika moto. Akalivuta shuka, wekundu ukarudi. Akalitandika tena. Nilimwomba arudie mara ya tatu kwa raha tu. Jua lilikuwa linaipiga sakafu, sakafu inautupa wekundu wake ukutani, na ukuta tayari una wekundu wake wa ndani. Jumla yake ndiyo plasta ya kidonda.

"Wewe hukukosea rangi," alisema. "Ulisahau sakafu nayo ni rangi."

Nikamuuliza, basi nifanye nini, nivunje sakafu ya baba? Akacheka. Dawa yake ni kutafuta beiji isiyo na wekundu chini, yenye ukijani kidogo sana, kiasi usichoweza kukitaja. Wekundu wa sakafu ukipanda, unakutana na ukijani huo, vinatulizana, na kinachobaki machoni ni dhahabu. Manjano ikitiwa nyeusi huelekea kwenye ukijani wenyewe, kwa hiyo kwenye kibandiko unatafuta manjano nyingi, nyeusi kiasi, nyekundu tone tu.

Sawa, lakini ni dhahabu ipi? Hapo ndipo nilipogundua sikuwa na neno. Krimu kwa kijana wa dukani ni kitu kimoja, kwa fundi wa kwanza ni kingine, kwangu ni cha tatu. Rangi ya maziwa, rangi ya samli, rangi ya mchanga, kila mtu ana mchanga wake. Wa Nyali si wa mtoni. Tulikuwa kwa shangazi siku hiyo, amekunja mkeka mpya wa ukindu usiotiwa rangi kando ya kitanda. Akaniuliza kwa kuchoka, "Hebu nambie, wataka rangi gani hasa?" Nikauonyesha mkeka kwa kidole. Nilitaka hiyo. Mkeka mpya, kabla haujawa hudhurungi kwa miaka, una dhahabu iliyopauka na chini yake bado ukijani wa jani. Mzee akatikisa kichwa kuafiki. Shangazi akaenda kutafuta mkasi, si wa kuukata mkeka wake, Mungu aepushe, bali kipande cha ukili kilichobaki kwenye kikapu.

Nimekwenda na ule ukili dukani, duka tofauti na la kwanza. Kijana alicheka, lakini ulimsaidia kuliko jina lolote. Ukienda kununua rangi, beba kitu cha kushikika: ukili, kipande cha kitambaa, ganda la kombe. Na usisimame chini ya taa zao. Toka nacho nje ya mlango.

Nilinunua makopo matatu madogo ya kujaribia, la nne lilikuja baadaye. Kosa ambalo nusura nilifanye ni kuyapaka madoa moja kwa moja juu ya ule ukuta wa waridi. Mzee akakataa, kwa sababu rangi mpya ikizungukwa na rangi mbovu, jicho hupima ubovu. Tulipaka kwenye vipande vya plaiwudi, upana wa kama nusu mita, mikono miwili, tukaacha ukingo mweupe pembeni. Kisha nikavihamisha kwa wiki nzima: kando ya dirisha, kwenye kona ya giza, karibu na mlango wa mvule, chini kabisa pale ukuta unapokutana na sakafu. Nikavitazama saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwaka. Tena vikiwa vikavu. Emulsheni mbichi ina sura nyingine, ikikauka kwa kawaida inakoza.

Cha kwanza kilikuwa kastadi, wanangu wakakishangilia, nikakitoa. Cha pili kilikuwa kizuri mchana kutwa na jioni kikageuka achari tena. Cha tatu kilipita jioni vizuri kuliko vyote, lakini asubuhi kilikuwa kaki ya askari. Cha nne ndicho sikukijua kama kinawezekana: nilirudi dukani nikaomba ile ile ya tatu, nusu ya nguvu yake. Mashine hupunguza vipimo vyote kwa nusu, familia ile ile, sauti ya chini. Hicho ndicho kiko ukutani sasa. Mzee alisema daima shuka ngazi moja chini ya unayoipenda kwenye kadi, kwa sababu kuta nne zikitazamana hupigiana rangi na kujiongeza. Kama kadi yako ina namba ya LRV nyuma, inakupa mwangaza unaorudishwa, 0 ni weusi na 100 ni weupe. Beiji nyingi za dhahabu ziko kati ya 50 na 65. Nimekwenda juu ya 60, maana dirisha ni moja na mawe ya babangu ni mazito.

Taa nazo. Sebule ilikuwa na balbu sita zilizoandikwa 6500K, zile nyeupe za kibuluu ambazo tumezizoea kila duka na kila zahanati. Ndizo zilizokuwa zikiniletea uji usiku. Nimeweka za 3000K, zenye mwanga wa manjano, shilingi 350 kila moja. Kama ningezibadilisha kwanza, pengine ningevumilia rangi ya kwanza wakati wa usiku, ingawa mchana bado ingebaki mchana.

Sasa lile baka. Mzee alibandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote nne kwa tepu, akaniambia nisikiguse mpaka kesho yake. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni jasho la hewa ya Mombasa. Yakiwa ndani, yaliyobanwa kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yalikuwa ndani. Tukazunguka nje, na mwizi alikuwa mpira wa maji wa eyakondishena ya chumba cha juu, umechomoka kwenye kishikio, unadondosha tone kwa tone kwenye ukuta wetu sijui tangu lini. Kurekebisha kulikuwa shilingi 600, na kwa heshima nililipa mimi ingawa si mpira wangu. Plasta iliyooza tukaibandua, tukaiacha wazi wiki sita. Chumvi ikitokeza nilikuwa naipangusa kwa brashi kavu. Usiioshe. Maji huiyeyusha, inarudi ndani, inangoja upake ndipo itoke tena. Plasta mpya nayo ipe kama mwezi kabla ya rangi, na andakoti, rangi ya kutangulia, inayostahimili magadi ya saruji. Mimi hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, kukaa na kidonda wazi sebuleni huku kila mgeni akiuliza.

Agosti, kusi inavuma, nguo zinakauka nusu siku, ndipo tulipopaka. Makopo manne ya lita nne nne, shilingi 2,800 kila moja. Kabla ya kuchovya brashi mzee alimimina makopo matatu kwenye ndoo moja akayakoroga pamoja, kwa sababu hata mashine ile ile hutofautiana kidogo kati ya kopo na kopo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta mchana kweupe. La nne alilichanganya humo yale matatu yalipokuwa bado hayajaisha. Mkono wa kwanza leo, wa pili kesho. Siku tatu, fundi na msaidizi, shilingi 6,900.

Nilitaka silki kwa sababu inafutika. Akaniuliza kuta za babangu zimenyooka? Hazijanyooka. Silki hung'aa, na jua la ubavuni kama letu la jioni hukuonyesha kila kiraka. Tumepiga mati, isiyong'aa, sebuleni na silki koridoni tu, kwenye mikono ya watoto. Mikono imeshafika sebuleni pia, lakini hayo mengine.

Dari na skatingi mara ya kwanza zilikuwa nyeupe ile ya kung'aa, ambayo huwa na ubuluu ndani yake, na kando yake beiji yoyote huonekana imechafuka. Safari hii mzee alichota kama kikombe cha rangi ya ukuta akakitia kwenye rangi nyeupe ya dari, akakoroga. Ukiingia unaona dari nyeupe. Ukiweka karatasi ndipo unaona si nyeupe.

Milango ya mvule hatukuigusa zaidi ya kuipangusa na kuitia mafuta. Uhudhurungi wake wenye uchungwa unakaa vizuri sana na ukuta huu, kama kahawa na kaimati. Pazia nyekundu zenye nakshi za dhahabu, zawadi ya arusi yangu, nimezishusha. Wekundu juu na wekundu chini ulikuwa unakiminya chumba. Nimetundika za buluu iliyokoza, na mito miwili ya kochi nimeivika leso ya buluu na nyeupe kutoka Biashara Street. Buluu hutuliza dhahabu bila kugombana nayo. Katikati ya sakafu nimetandika mkeka mkubwa, nusu kwa uzuri, nusu kufanya kazi ya lile shuka la mzee. Bei ya pazia haimo kwenye zile 20,200, kwa sababu mume wangu anasoma.

Nambari ya rangi, tarehe na neno "nusu" nimeviandika kwa kalamu nene kwenye mfuniko wa kopo lenye masalio, na nimekipiga picha kile kibandiko. Kopo liko chini ya ngazi.

Shangazi alikuja wiki mbili zilizopita, saa kumi na moja, wakati ule wa achari. Akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akanywa kahawa vikombe viwili, akazungumza habari za bei ya nazi. Alipoinuka akaniuliza fundi ataanza lini.

Bado chumba cha kulala. Dirisha lake linatazama mwembe wa jirani, na asubuhi majani yanaitia dari ukijani, kwa hiyo ile hesabu ya sebuleni huku imegeuka juu chini: nahitaji wekundu kidogo. Vipande viwili vya plaiwudi vimeegemea ukutani tangu Jumatatu. Kimoja wapo kina uwaridi ule ule wa Mei, na kusema kweli, huku ndani kinapendeza.